Dakika Kumi za Kahawa

Kwenye karatasi aliyoichapisha Helge, amri ya mwisho iliyoandikwa kwenye mashine namba saba ni yangu. Jumanne, saa nne na dakika arobaini na moja asubuhi. Chini ya mstari huo karatasi ni nyeupe. Kwa sababu ya weupe huo nimepoteza kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa, na huku kwetu kila mtu anajua kwamba mimi, Gunnel, ndiye niliyeua miche ya Runa Bengs. Naandika yale ambayo karatasi haikuyaandika.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, bila cheti, mama alipoumia mgongo na banda letu la vioo la kukuzia nyanya likabaki bila mikono. Baadaye banda likauzwa, nami nikaenda kupanga nyanya kwenye masanduku katika ghala la ushirika. Ningekuwa pale hadi leo kama si macho ya Tyko.

Tyko alikuwa fundi umeme wa ushirika. Yeye ndiye aliyezifunga zile kompyuta kumi na moja, moja kwa kila banda, ndogo kama boksi la viatu, bila skrini wala kibodi, zimetundikwa ukutani kando ya boila. Kazi yao ni kusoma vipima joto na kufungua au kufunga vali ya maji ya moto. Ukitaka kusema nazo unakaa ghalani, unafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yako, unaandika anwani ya banda, na mashine iliyo kilomita kumi na nne inakujibu kama iko hapo mezani. Hakuna picha za kubofya. Unaandika amri kwa herufi, inajibu kwa herufi.

Siku moja Tyko alinikuta na masanduku yangu akasimama.

"Wewe msichana wa masanduku, kusoma unajua?"

"Lebo za nyanya nasoma."

"Basi njoo unisomee hizi. Ni lebo tu, ila zinatembea."

Macho yake yalikuwa yanafifia na hakutaka ushirika ujue. Miaka miwili nilikaa kando yake nikisoma kwa sauti na kuandika alichosema. Kiingereza sijui mpaka leo, hata mkate siwezi kuomba. Lakini maneno yale ya dirisha jeusi niliyashika jinsi mtu anavyoshika mafundo ya kamba, kwa vidole. Alipostaafu aliwaambia wanakamati kwamba mashine zinamjua Gunnel, wasihangaike kutafuta mtu. Wakakubali, kwa kuwa nilikuwa tayari nipo.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. Mtandao ndio njia unayopita kuifikia mashine. Ukibadilisha mipangilio ya mtandao kwenye mashine iliyo mbali na ukakosea herufi moja, umejifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Kwa hiyo kabla ya kugusa njia, unaiachia mashine agizo: baada ya dakika kumi, rudisha mipangilio ya zamani. Ndipo unabadilisha. Ukikosea, unakaa tu, mashine itajirudisha yenyewe. Ukipatia, unaingia kwa njia mpya na kulifuta lile agizo kabla muda wake haujafika. Dakika kumi ni muda wa kahawa kuchujika kwenye mashine ya kahawa ya pale ghalani, kwa hiyo jambo hilo Tyko aliliita kuweka kahawa.

"Umeweka kahawa?" angeuliza, hata hajageuza shingo.

"Nimeweka, mzee."

"Kwenye mashine gani?"

Hilo swali la pili nililiona la kijinga. Mashine gani tena, si hiyo ninayoigusa?

Helge Krook alikuja miaka minne iliyopita. Alikuwa dereva wa basi la shule, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaumia goti, akawa anakaa nyumbani anamkasirikia mkewe. Nilimwombea kazi mimi mwenyewe. Nilikwenda kwa Ralf-Erik, mwenyekiti wetu, nikamwambia nahitaji mtu wa kunisaidia na mtu huyo ni Helge. Nikamfundisha kila kitu. Alikuwa mwepesi, na alikuwa mtu wa kuchekesha. Majira ya baridi yalikuwa yanapita haraka tukiwa wawili.

Kuna jambo dogo nililomfundisha ambalo nataka kulieleza vizuri. Kila mashine huweka historia. Amri yoyote unayoiandika inabaki humo pamoja na saa yake. Lakini amri ukiianza kwa kubonyeza nafasi moja tupu kabla ya herufi ya kwanza, mashine zetu haziihifadhi. Tyko alizipanga hivyo kwa ajili ya amri ambazo ndani yake kuna nenosiri, lisije likaonwa na mwingine. Mimi naitumia labda mara mbili kwa mwaka.

Helge aliipenda. Akaanza kuweka nafasi mbele ya kila amri.

"Helge, ukishika mashine siku nzima, kwenye historia ni kama hukuja kazini," nilimwambia.

"Mimi ni mtu msafi, Gunnel. Sitaki uje uone nimekosea herufi mara ngapi."

"Mara ngapi?"

"Huo ndio uzuri wake. Hutajua!"

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka mpaka nikamwaga kahawa.

Mwaka jana alikwenda mjini Vasa kusomea kompyuta, wiki sita, akarudi na cheti chenye muhuri. Akakitundika juu ya meza yake, usawa wa macho yangu. Halafu, kabla ya Krismasi, tukaambiwa kwamba ushirika wetu unaunganishwa na ule mkubwa wa kusini na kwamba mashine zote zitahitaji msimamizi mmoja tu. Kamati ingeamua Ijumaa ya wiki ya tatu ya Januari. Tulikuwa wawili kwa nafasi moja.

"Watakuchagua wewe," Helge aliniambia. "Mimi ni dereva wa basi."

Jumanne ya wiki hiyo baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Asubuhi nilipita kwenye mashine zote, moja baada ya nyingine, kama ninavyofanya siku za baridi kali. Kwenye namba saba, banda la Runa, niliiuliza mashine anwani yake, ikanijibu, nikatoka. Hiyo ndiyo amri yangu ya saa nne na dakika arobaini na moja. Kisha nikachukua gari kwenda banda namba mbili, ambako kipima joto kimoja kilikuwa kinadanganya. Nilikuwa chini ya mabomba huko, na spana mkononi, mpaka saa saba.

Runa alikuwa kanisani siku hiyo, anamzika shangazi yake. Miche yake elfu sita ilikuwa imefika siku nne kabla. Aliporudi saa tisa, nguo nyeusi bado mwilini, alifungua mlango wa banda akakuta vioo vimeganda kwa ndani. Mashine ilikuwa imepoteza njia. Vipimo vya joto navyo hupita kwenye mtandao, na mashine isiyovipata hufunga vali, ili isije ikachemsha mimea, na kengele ya hatari inapita kwenye njia ileile iliyokatika, kwa hiyo simu yake haikulia kanisani wala kaburini.

Helge ndiye aliyekwenda. Mimi niliposikia na kufika, alikuwa ameshachomoa kadi ya kumbukumbu ya mashine na kuweka mpya.

"Ile ya zamani imeharibika," alisema. "Nimeitupa. Lakini historia niliwahi kuichapisha."

"Historia inasema nini?"

Hakunitazama. "Inasema ulivyoandika."

Runa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya safu. Miche ya nyanya ikiganda haianguki mara moja, inakuwa ya kijani iliyokolea kama kioo cha chupa, kisha ikipata joto inalala yote pamoja. Nilimwita. Tumejuana tangu tukiwa watoto. Akanigeuzia mgongo.

Jumatano asubuhi Ralf-Erik alituita chumba cha kahawa. Alikuwa ameshika ile karatasi.

"Gunnel, mstari huu wa mwisho ni wako?"

"Ni wangu. Nilikuwa natazama tu anwani."

"Lakini ni amri ya mtandao?"

Hapa ndipo pa kuelezwa. Amri ya kutazama njia na amri ya kuibadilisha zinaanza na neno moja. Tofauti ni maneno yanayofuata. Mstari wangu haukuwa na maneno ya kufuata. Mtu yeyote wa kazi hii anaona hilo kwa kutupia jicho.

"Ni ya mtandao, lakini ya kutazama," nilisema. "Muulize Helge."

Ralf-Erik akamgeukia. "Helge, hii ni amri ya mtandao?"

Helge alikuwa anakata mkate wa hiliki. Aliweka kisu chini.

"Ndiyo," alisema. "Ni ya mtandao."

Basi. Hakusema uongo hata kidogo. Nilimtazama nikingoja aendelee, akaokota punje za sukari mezani kwa ncha ya kidole, moja moja.

"Na wewe jana uliigusa namba saba?"

"Kwenye historia simo," alisema Helge.

Mchana huohuo Ralf-Erik akatuma taarifa kwa bima: kosa la mfanyakazi asiye na cheti. Alinisomea kwa simu, sauti ya upole, kama anayemsomea mgonjwa.

Nilijua ni ile nafasi tupu mbele ya amri. Nilijua usiku kucha, lakini kitu kisichoandikwa hukithibitishi. Kwa hiyo Alhamisi nilifanya kazi ninayoijua. Nilikaa nikapita mashine kumi zilizobaki, moja moja, nikisoma kila kitu kinachosomeka. Namba moja, hakuna kitu. Mbili, tatu, nne, tano. Kwenye namba sita kulikuwa na barua.

Mashine zile zina kawaida ya zamani: agizo la muda likishindwa kutekelezwa, mashine inamwandikia msimamizi barua na kuiweka humohumo ndani. Hakuna anayezisoma barua hizo. Tyko alizisoma, nami nikarithi tabia hiyo. Hii ilikuwa na mstari mmoja tu. Jumanne, saa sita na dakika mbili mchana, mashine namba sita ilikuwa inalalamika kwamba imeagizwa irudishe faili la mipangilio ya zamani, na faili hilo hainalo. Jina la faili lilikuwa namba saba, njia ya zamani.

Nilisoma mara tatu ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilisikia sauti ya Tyko: kwenye mashine gani?

Helge alikuwa amefungua madirisha mawili, moja la sita na moja la saba, yote meusi, yote yanafanana. Wakubwa wa kusini walikuwa wametaka mashine zote zibadilishwe anwani, naye alitaka Ijumaa aonyeshe kwamba moja ameshaimaliza. Aliweka kahawa, kama nilivyomfundisha. Aliiweka kwenye dirisha la sita. Akahamia la saba, akabadilisha njia, akakosea, mashine ikapotea. Hakuogopa. Alikaa akingoja dakika kumi zipite mashine ijirudishe. Kahawa ikaiva kwenye banda lisilo na shida yoyote, na namba saba ikaendelea kuganda. Nikatazama rekodi ya walioingia kwenye sita: saa tano na dakika hamsini, kutoka kompyuta ya meza ya Helge. Rekodi hiyo haijali nafasi.

Kosa lenyewe ningemsamehe. Kila mtu wa kazi hii amewahi kuandika kwenye dirisha lisilo lake. Lakini saa sita na robo alishajua kwamba namba saba hairudi. Angenipigia simu. Kutoka namba mbili hadi kwa Runa ni dakika kumi na tano kwa gari. Ningefika, ningeandika nikiwa nimesimama kando ya boila, miche ingepata mafua tu. Yeye akaenda kula. Siku hiyo, baadaye waliniambia, alikula supu ya samaki na akaongeza.

Ijumaa nikapeleka barua kwenye kamati. Walikuwa wakulima wote kumi na mmoja, na Runa alikaa dirishani. Nikaweka karatasi mezani.

"Namba sita ina shida gani?" aliuliza Ralf-Erik.

"Haina shida."

"Basi unatuletea ya nini? Iliyokufa ni saba."

Wengine wakacheka. Mzee mmoja wa banda namba nne akasema, "Gunnel, hata mimi kesi yangu ya mwendo kasi ningemsingizia jirani."

Nikaeleza. Sina maneno ya shule, nilitumia vijiko. Nikaweka vikombe viwili, hiki ni sita, hiki ni saba, nikaonyesha kijiko kilivyoingia kikombe sicho. Nikaona wanaacha kucheka. Nikawasomea jina la faili. Namba saba, ndani ya sita, saa sita na dakika mbili.

"Helge?" alisema Ralf-Erik.

"Nilikuwa najifunza," alisema Helge. "Niliingia sita, nikafanya zoezi la kuweka kahawa. Si ndivyo ulivyonifundisha, Gunnel? Kufanya mazoezi?"

"Zoezi kwa jina la saba?"

Masikio yake yakawa mekundu. Chumba kizima kiliyaona, na mashine ya kahawa pale kaunta ilikuwa inakoroma ikimalizia. Nilidhani nimeshinda. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo nilivyodhani.

Ralf-Erik aliigeuza karatasi yangu, akaitazama nyuma ambako hakuna kitu.

"Gunnel, sikiliza. Taarifa ya bima imeshakwenda na wameikubali. Tukiifungua tena na kusema kumbe ni mtu mwenye cheti, wataanza upya, na Runa atangoja hadi lini? Na kusini wanataka mtu mwenye karatasi. Mwenye karatasi tunaye mmoja."

"Kwa hiyo mnajua ni yeye."

"Sijasema hivyo."

"Mnajua."

Runa ndiye aliyesema. Alisema akimtazama Helge, si mimi. "Ulikuwa unakula, na mimi nilikuwa naimba kaburini." Halafu wakapiga kura kwa mikono. Mikono kumi na mmoja. Wa Runa ulichelewa, na ulipanda nusu tu, lakini ulipanda. Alihitaji bima. Hilo nalijua, na kulijua hakunisaidii.

Wakanirudishia kazi ya masanduku, kwa hisani yao.

Jumatatu nilitakiwa kukabidhi. Mimi huingia kwenye mashine zote kwa ufunguo wangu, faili dogo ambalo Tyko alilitengeneza nilipoanza, na ilibidi niufute kwenye mashine moja moja. Helge alisimama mlangoni, hakuingia.

"Unaweza kuacha, nitaifanya mimi," alisema.

"Kwa nafasi au bila nafasi?"

Akatazama viatu vyake. "Gunnel, mke wangu..."

"Usiniletee mkeo. Nilimjua kabla yako. Nenda kamwambie supu ilikuwa tamu."

Akaondoka. Nikafuta kumi. Ya mwisho niliiacha namba saba. Vidole vyangu vikafanya vilivyozoea: kabla sijaufuta ufunguo, niliweka kahawa. Baada ya dakika kumi, rudisha kama ilivyokuwa. Nikaangalia juu ya dirisha ni la nani. Saba. Nikaufuta ufunguo, na dirisha nililoingilia likabaki wazi, la mwisho.

Ndipo nikaona nilichofanya. Nikinyanyuka sasa na kuondoka bila kulifuta agizo, mashine ingenirudishia ufunguo yenyewe, kimya, na hakuna mtu kwenye ushirika mzima ambaye angejua. Helge hasomi barua. Ningeweza kuingia siku yoyote kutoka jikoni kwangu. Siku ya baridi kama ile, mstari mmoja, na nafasi moja tupu mbele yake. Karatasi ingekuwa nyeupe kwake pia.

Nikawasha mashine ya kahawa nikakaa. Sitasema nilimfikiria Mungu. Nilifikiria Helge akiwa chumba cha kamati, karatasi mbele yake, akisema simo, simo, na safari hii ni kweli hamo. Nilifikiria hivyo muda mrefu, na ilikuwa tamu. Halafu nikafikiria kwamba lazima liwe banda la mtu. Hakuna namna ya kumgandisha Helge bila kugandisha miche ya mtu mwingine, na mtu huyo angekaa kwenye ndoo.

Matone ya kahawa yalikuwa yanakaribia kwisha. Nikarudi kwenye kibodi nikalifuta agizo. Sikuweka nafasi mbele. Nilitaka mstari huo ubaki kwenye historia, na saa yake, saa tatu na dakika ishirini na sita asubuhi, hata kama hakuna atakayeufungua. Nikafunga dirisha. Nilipojaribu kuingia tena, kwa kuhakikisha tu, namba saba ilinikatalia.

Kahawa sikuinywa. Nilivaa aproni nikaenda kwenye masanduku.